Tezi Dume: Kutoka Baltimore Hadi Litumbandyosi

Jumamosi ya tarehe 8 Novemba 2014, Rais wa Tanzania wa wakati huo, Jakaya Mrisho Kikwete, aliingizwa chumba cha upasuaji katika Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 64. Taarifa ya Ikulu haikuzungukazunguka: Rais amefanyiwa upasuaji wa tezi dume. Aliporejea nyumbani mwishoni mwa mwezi huo aliwaeleza wananchi kwamba aliyokuwa nayo ni saratani, kwamba iligundulika mapema, na kwamba wanaume wenzake wasingoje maumivu ndipo waende kupima.

Lilikuwa jambo kubwa. Mkuu wa nchi alikuwa ametaja hadharani kiungo ambacho wanaume wengi hawakitaji hata mbele ya wake zao.

Hospitali aliyotibiwa ina nafasi ya pekee katika habari hii. Miaka 110 kabla yake, katika hospitali hiyohiyo, mgonjwa wa saratani aliondolewa tezi dume yote kwa upasuaji uliokuja kuwa msingi wa tiba ya kisasa. Kati ya upasuaji ule na huu wa Kikwete, madaktari wamegundua kipimo cha damu, wametengeneza mashine za mionzi, wamepata dawa za kuzuia homoni, na wamejifunza hata kumwacha mgonjwa bila tiba wakimwangalia kwa karibu. Sharti moja tu halijabadilika: aliyefika mapema ana njia nyingi mbele yake, na aliyechelewa hubakiwa na moja au mbili. Sharti hilo linamhusu sana mwanamume wa Litumbandyosi, kata ya vijijini katika Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, ambaye kati yake na daktari bingwa pana safari ya siku nzima au zaidi.

Tezi dume yenyewe ni kiungo kidogo. Kwa kijana mzima ukubwa wake ni kama ndimu ndogo. Imekaa chini ya kibofu, mbele ya njia ya haja kubwa, nayo imeuzunguka mrija wa mkojo pale unapotoka kibofuni. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Umri ukisonga, tezi hukua. Kwa wanaume wengi ukuaji huo si saratani, ila hubana mrija: mkojo hutoka kwa kukatikakatika, mtu huamka mara nyingi usiku, na siku mbaya mkojo hugoma kabisa hadi awekewe mpira wa mkojo. Saratani ina tabia nyingine. Mara nyingi huanzia upande wa nje wa tezi, mbali na mrija, kwa hiyo inaweza kukaa miaka mingi bila kumsumbua mwenyewe kwa lolote.

Nelson Mandela alipitia yote mawili. Mwishoni mwa 1985, akiwa bado mfungwa, alipelekwa Hospitali ya Volks mjini Cape Town kufanyiwa upasuaji wa tezi iliyokuwa imekua. Haikuwa saratani. Julai 2001, akiwa na miaka 83, alikutwa na saratani katika tezi hiyohiyo. Mtu anaweza kushangaa, akidhani aliyekwisha kupasuliwa amemaliza. Kumbe upasuaji wa kupunguza uvimbe huondoa nyama ya ndani tu, ile inayobana mrija, na kuacha ganda la nje ambamo saratani hupenda kuanzia. Mandela alipewa mionzi kwa wiki saba. Alifariki Desemba 2013 akiwa na miaka 95, baada ya kuugua mapafu kwa muda mrefu.

Kisa chake kinatosha kumwonya mzee yeyote aliyewahi kupasuliwa katika hospitali ya Songea au Peramiho akaambiwa amepona: kupima hakukomi siku ya upasuaji huo.

Mtu wa kwanza kuieleza saratani ya tezi dume kwa ushahidi wa hadubini alikuwa John Adams, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya London, mwaka 1853. Aliandika kwamba ni ugonjwa wa nadra sana. Hakuwa mzembe. Katika zama zake wanaume wengi walikufa kabla ya kufikia umri ambao saratani hiyo hujitokeza, na wale waliozeeka wakashindwa kukojoa walihesabiwa wote kuwa na uvimbe wa uzee.

Hali ilikuwa hivyo pia upande wa mashariki wa Ziwa Nyasa, tena kwa muda mrefu zaidi. Wamisionari Wabenediktini walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898. Mwaka 1901 Waanglikana wa misheni ya UMCA waliishusha ziwani meli yao Chauncy Maples, iliyohudumia vijiji vya pwani ya ziwa, na Liuli, mojawapo ya vijiji hivyo, ikaja kuwa na hospitali yao. Huko milimani kwa Wamatengo, misheni ya Litembo ilianzishwa mwaka 1914 na baadaye ikazaa hospitali ambayo hadi leo ni tegemeo la watu wa Mbinga. Kazi iliyowakabili waganga hao wa kwanza ilikuwa uzazi, malaria, ukoma, nimonia na vidonda. Saratani ya wazee haikuwa na nafasi katika orodha hiyo, kwa sababu wazee wenyewe walikuwa wachache. Hata Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, umri wa kuishi ulikuwa chini ya miaka 45 kwa wastani. Leo umepita miaka 65.

Ndiyo maana kwa miongo mingi vitabu vya udaktari vilidai kwamba Waafrika hawaugui sana saratani ya tezi dume. Rejesta ya saratani iliyoanzishwa Kampala katika miaka ya 1950, kazi ya madaktari wa Chuo Kikuu cha Makerere na Hospitali ya Mulago, ndiyo iliyotoa picha nyingine. Wataalamu walipolinganisha takwimu zake za miaka ya 1960 na zile za miaka ya 1990, waliona idadi ya wagonjwa wa tezi dume imepanda mara kadhaa. Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na wanaume kuishi zaidi, na sehemu nyingine na madaktari kuutafuta ugonjwa. Tafiti za Marekani zikaongeza jambo zito: wanaume wenye asili ya Afrika hupata saratani hii kwa wingi kuliko wazungu, huipata wakiwa na umri mdogo zaidi, na hufa nayo kwa wingi zaidi. Nchini Tanzania sasa ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume.

Tiba ilianza kwa kisu. Tarehe 7 Aprili 1904, Hugh Hampton Young wa Johns Hopkins aliondoa tezi dume yote pamoja na vifuko vya mbegu vilivyoshikamana nayo, akipitia sehemu iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Msaidizi wake siku hiyo alikuwa William Halsted, bingwa aliyetamba kwa upasuaji wa saratani ya matiti. Upasuaji wa Young ulionyesha kwamba ugonjwa uliobaki ndani ya tezi unaweza kung'olewa. Lakini gharama yake mwilini ilikuwa kubwa: karibu wote walipoteza nguvu za kiume, na wengi hawakuweza tena kuzuia mkojo. Kwa miaka karibu 80, mwanamume aliyeambiwa afanyiwe upasuaji huo alikuwa akilazimika kupima uhai wake dhidi ya ndoa yake. Wengi walikataa.

Kwa wale ambao saratani ilikwisha kutoka nje ya tezi, nuru ilitokea Chicago mwaka 1941. Charles Huggins, daktari mzaliwa wa Kanada, alikuwa akichunguza mbwa, mnyama ambaye naye hupata maradhi ya tezi dume akizeeka. Aliona kwamba tezi huishi kwa homoni ya kiume inayotengenezwa na korodani. Homoni ikikatwa, tezi husinyaa. Yeye na mwenzake Clarence Hodges wakajaribu jambo hilo kwa wagonjwa ambao saratani ilikuwa imeingia mifupani. Waliwaondoa korodani. Baadhi ya wanaume waliokuwa wamelazwa kwa maumivu makali ya mifupa walipata nafuu ndani ya siku chache. Ilikuwa ushahidi kwamba saratani iliyokwisha kusambaa inaweza kutulizwa kwa kubadili homoni za mwili, na mwaka 1966 Huggins akapewa Tuzo ya Nobel.

Ugunduzi huo haukubaki kitu cha makumbusho. Upasuaji wa kuondoa korodani bado unafanywa kila wiki katika hospitali za Afrika Mashariki, kwa sababu ni mfupi, ni wa bei nafuu, na homoni hushuka ndani ya saa 24. Mwaka 1971 makundi ya watafiti Andrew Schally na Roger Guillemin yalifumbua muundo wa homoni ya ubongo inayoziamuru korodani, na hapo zikazaliwa sindano zinazofanya kazi ileile bila kisu. Mgonjwa huchomwa kila mwezi au kila miezi mitatu. Kwa uwezo wa kuzuia saratani, sindano na upasuaji viko sawa.

Tofauti iko katika maisha ya mgonjwa. Sindano humwachia mwanamume umbo lake, lakini humtaka awepo hospitali kila tarehe ikifika, na dawa iwepo. Mzee wa Litumbandyosi akikosa sindano moja kwa sababu mvua za masika zimeharibu njia, au kwa sababu mahindi hayajauzwa na nauli haipo, homoni hupanda na ugonjwa huamka. Upasuaji ni wa mara moja, ila hauna kurudi nyuma. Njia zote mbili humwondolea hamu ya tendo la ndoa, humletea joto la ghafla mwilini, na baada ya miaka hudhoofisha mifupa. Hayo yote anastahili kuambiwa kabla hajaweka sahihi, na mke wake akiwepo ikiwa mwenyewe anataka.

Mwaka 1981, Patrick Walsh wa Johns Hopkins alikwenda Leiden, Uholanzi, kumtembelea Pieter Donker, daktari mstaafu wa njia ya mkojo. Alimkuta akichambua taratibu mwili wa mtoto aliyezaliwa mfu, akitafuta mishipa ya fahamu ya kibofu. Kwa mtu mzima mishipa hiyo imefunikwa na mafuta na haionekani. Kwa mtoto ilionekana wazi. Walsh alimuuliza iko wapi ile inayoamsha uume. Wakaitafuta pamoja, na baada ya saa chache wakaipata: ilikuwa ikipita nje ya ganda la tezi, pembeni, na haikuwa ndani yake kama vitabu vilivyodhani. Maana yake ilikuwa kwamba tezi inaweza kuondolewa na mishipa ikaachwa. Tarehe 26 Aprili 1982, Walsh alifanya upasuaji wa kwanza wa namna hiyo kwa makusudi. Mgonjwa alipona saratani yake na akarudi kuwa mume kamili.

Tangu siku hiyo wanaume wakawa na sababu ndogo ya kuogopa kisu. Hata hivyo, kuiacha mishipa hiyo huwezekana pale tu saratani haijaigusa. Tena ni suala la kuwahi.

Kuwahi kunahitaji kipimo, nacho kilikuja miaka hiyohiyo. Mwaka 1979 kundi la watafiti wa Buffalo, Marekani, lilifanikiwa kuitenga protini inayotengenezwa na tezi dume, inayojulikana kwa herufi zake PSA. Kiasi kidogo chake huvuja na kuingia kwenye damu. Mwaka 1986 serikali ya Marekani iliruhusu kipimo chake kitumike kufuatilia waliokwisha kuugua, na mwaka 1994 ikaruhusu kitumike kusaidia kugundua ugonjwa. Mrija mmoja wa damu ya mkononi ulitosha kuonyesha tezi yenye matatizo miaka kadhaa kabla ya dalili.

Faida hiyo ilikuja na hasara yake. PSA haisemi kuwa mtu ana saratani. Inasema tezi imesumbuka. Hupanda kwa uvimbe wa uzee, kwa maambukizi ya njia ya mkojo, na kwa mtu aliyewekewa mpira juzi. Tena saratani nyingine hukua polepole kiasi kwamba mzee hufa na ugonjwa mwingine kabla hii haijamdhuru. Marekani ilipima kila mtu na kutibu kila kilichoonekana, na maelfu ya wanaume wakabaki na matatizo ya mkojo na ya ndoa kwa ugonjwa ambao usingewaua. Richard Ablin, mmoja wa wanasayansi wa mwanzo kuichunguza protini ya tezi dume, alijitokeza mwaka 2010 katika gazeti la New York Times kulaumu matumizi hayo. Mwaka 2012 jopo la kitaifa la Marekani likashauri wanaume wasipimwe kwa mkupuo. Mwaka 2018 likalegeza: mwanamume wa miaka 55 hadi 69 azungumze na daktari wake, aelezwe faida na hasara, kisha aamue mwenyewe.

Uingereza ilichukua njia ya kungoja ushahidi. Kuanzia mwaka 1999 watafiti waliwapima PSA zaidi ya wanaume 82,000 wa miaka 50 hadi 69. Kati ya waliokutwa na saratani iliyobaki ndani ya tezi, 1,643 walikubali kupangiwa tiba kwa bahati nasibu: wengine upasuaji, wengine mionzi, wengine kufuatiliwa tu kwa vipimo. Mwaka 2023, baada ya miaka 15 hivi, takribani wanaume 97 katika kila 100 walikuwa hawajafa kwa saratani hiyo, wa kundi lolote lile. Tofauti ilikuwa katika kusambaa: kati ya waliofuatiliwa tu, kiasi cha 9 katika 100 ugonjwa ulikwenda mbali na tezi, na kwa waliopasuliwa au kupigwa mionzi kiasi cha 5.

Matokeo hayo yamewatuliza wengi, lakini msomaji wa Ruvuma ayasome kwa uangalifu. Karibu wote walioshiriki walikuwa wazungu, waliokutwa mapema kwa kipimo cha damu, na waliokuwa na kliniki ya kuwafuatilia karibu na nyumbani. Mwafrika mwenye dalili hafanani nao kwa lolote kati ya hayo.

Upande wa Tanzania, tiba ya saratani kwa mionzi ilianza mwaka 1980 katika jengo la Ocean Road, Dar es Salaam, hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1996 kituo hicho kilipewa sheria yake na kuwa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kwa miaka mingi ndicho kilichokuwa mahali pekee pa kupata mionzi kwa nchi nzima, kikitumia mashine za kobalti. Mwaka 2018 kilianza kutumia mashine za kisasa zaidi za LINAC, ambazo huelekeza mionzi kwenye tezi na kuepusha zaidi kibofu na utumbo. Hospitali ya Bugando ya Mwanza nayo imeanza kutoa mionzi, na hospitali ya KCMC ya Moshi, yenye jina kubwa katika upasuaji wa njia ya mkojo, imefungua kituo chake cha saratani. Hata hivyo, kwa mtu wa Mbinga jina linalotajwa kwanza bado ni Ocean Road. Kutoka Songea hadi huko ni zaidi ya kilomita 900, na Mbinga iko takribani kilomita 100 zaidi ya Songea.

Lami imerahisisha mengi. Sasa inatoka Songea hadi Mbinga na kushuka mpaka Mbamba Bay ziwani. Lakini vijiji vingi vya wilaya za Mbinga na Nyasa viko kando ya lami hiyo, na mzee huanza safari yake kwa bodaboda. Hatua za kwanza karibu zote hupotelea nyumbani. Anaamka mara nne usiku, anasema ni baridi ya milimani. Mkojo unakatika, anaambiwa ni uzee. Anapewa mizizi ya kuchemsha, anakunywa miezi. Kiuno kinauma, anadhani ni jembe. Siku akifikishwa zahanati, miguu imeanza kufa ganzi, kumbe saratani imekwisha kuingia kwenye uti wa mgongo. Madaktari wa Ocean Road, Muhimbili na KCMC wameandika mara kwa mara kwamba wengi wa wanaume wanaowapokea hufika ugonjwa ukiwa umesambaa.

Kikwazo kikubwa kingine ni hofu ya kidole. Mzaha wake umejaa vijiweni, na umeua watu. Kwa hiyo kinachofanyika kielezwe kilivyo. Mgonjwa hulala ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Daktari huvaa glavu, hupaka mafuta ya kulainisha, kisha huingiza kidole kimoja katika njia ya haja kubwa na kuigusa tezi kupitia ukuta wa utumbo. Tezi salama ni laini, pande zake mbili zinalingana, na katikati pana bonde dogo. Penye saratani huweza kuguswa kidonge kigumu, au upande mmoja uliokakamaa. Haichukui dakika moja. Siku hizi watu wengi huanza na kipimo cha damu, na daktari huongeza kidole pale kinapohitajika, kwa sababu kuna saratani chache ambazo PSA huzikosa na kidole huzinasa.

Vipimo hivyo viwili hutoa shaka tu. Uthibitisho hutokana na kinyama. Kwa kuongozwa na ultrasaundi, daktari huchoma sindano nyembamba na kuchukua vipande vidogo, kwa kawaida 10 hadi 12, kutoka sehemu mbalimbali za tezi. Mtaalamu wa maabara huviangalia kwa hadubini na kuvipa alama kwa mfumo uliobuniwa na Donald Gleason wa Minneapolis mwaka 1966. Alama 6 ni saratani ya polepole. 7 ni ya kati. 8 hadi 10 ni kali. Mgonjwa anapopewa karatasi yake, alama hiyo ndiyo ya kuuliza kwanza. Ya pili ni kama ugonjwa umetoka nje ya tezi.

Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayofungua au kufunga milango. Mwenye alama 6 na ugonjwa uliobaki ndani anaweza kukubaliana na daktari wafuatilie kwa PSA na kinyama cha kurudia, mradi anaweza kurudi kliniki kwa tarehe. Mwenye alama 7 au zaidi ambaye ugonjwa haujatoka huchagua kati ya upasuaji na mionzi. Upasuaji huuondoa ugonjwa kwa mara moja na kumpa mgonjwa jibu la wazi la maabara, lakini una hatari kubwa zaidi ya kuvuja mkojo. Mionzi haina kidonda, ila hudai wiki kadhaa za kukaa Dar es Salaam, mara nyingi pamoja na sindano za homoni, na huweza kuudhi utumbo. Kwa ndoa, zote mbili zina madhara. Ya upasuaji huonekana mara moja, ya mionzi huja polepole. Ambaye ugonjwa umefika mifupani hubaki na njia ya Huggins, ikisaidiwa siku hizi na dawa mpya na tiba ya kemikali. Haitaponya, lakini inaweza kumpa miaka ya kutembea kwa miguu yake.

Walioitumia nafasi ya mapema wapo, na wametoka hadharani. Askofu Mkuu Desmond Tutu aligundulika kuwa na saratani hiyo mwaka 1997, akiongoza Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini. Alitibiwa, ugonjwa ukarudi, akatibiwa tena, akaishi hadi Desemba 2021 akiwa na miaka 90. Nchini Kenya, Profesa Peter Anyang' Nyong'o alikutwa na saratani hiyo mwaka 2010 akiwa Waziri wa Huduma za Tiba. Alitibiwa San Francisco, akarudi kazini, na akalizungumza bila kificho. Miaka miwili baadaye Kenya ikapitisha sheria ya kuzuia na kudhibiti saratani. Wote hao, pamoja na Kikwete, walikuwa na uwezo ambao mkulima hana. Lakini kilichowaokoa kwanza kilikuwa kugundulika kabla ugonjwa haujatoka, na hilo halihitaji ndege.

Mwanamume wa Mbinga au wa mwambao wa Nyasa aliyetimiza miaka 50 asingoje dalili. Ambaye baba yake au ndugu yake wa tumbo moja aliugua, aanze akiwa na miaka 45. Aende Hospitali ya Wilaya, Litembo, Peramiho au Songea, aulizie kipimo cha PSA, na jibu lake alitunze ili alinganishe na la mwaka unaofuata. Tangu 2024 timu za madaktari bingwa zimekuwa zikipita hospitali za halmashauri, wakiwamo wa upasuaji. Tarehe zao zikitangazwa, wazee wapelekwe. Mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anastahili kutibiwa bila malipo kwa mujibu wa sera ya taifa, na ofisi ya kijiji ndiyo ya kuanzia kumtambulisha.

Serikali nayo ina wajibu. Vitendanishi vya PSA visikosekane katika hospitali za wilaya, sindano za homoni zipatikane Songea, na rufaa ya mgonjwa wa saratani iende na msaada wa nauli. Bila hayo, mzee wa Litumbandyosi ataendelea kufika Ocean Road akiwa amebakiwa na njia moja, ilhali alipoanza kuugua alikuwa na nne.